Mgeni vitani: yale aliyopaswa kuambiwa askari siku ya kwanza Kuwait

Ndege ya kukodi ikishatua Kuwait na mlango kufunguliwa, kitu cha kwanza kilichowapokea vijana wetu hakikuwa vita. Kilikuwa joto. Kijana aliyezaliwa Tanga au Mombasa alidhani analijua joto, mpaka aliposhuka ngazi za ndege mwezi wa saba na kukuta upepo unaounguza kuliko hewa iliyotulia. Joto la pwani lina unyevu na bahari ndani yake. Hili la jangwani hufika nyuzi 50 kivulini, na kivuli chenyewe hakuna.

Ndugu wasomaji, kati ya Machi 2003, majeshi ya Marekani yalipoingia Iraq, na Desemba 2011, msafara wa mwisho ulipovuka mpaka kurudi Kuwait, vijana wengi waliotoka kwetu walipita njia hiyo. Walikuwa wenye kadi ya kijani waliochoka kubeba maboksi, wanafunzi walioshindwa ada ya chuo, wakimbizi wa Burundi na Kongo waliokulia Marekani. Baada ya 2008 waliongezeka wengine kupitia mpango ulioitwa MAVNI, ambao hadi uliposimamishwa mwaka 2016 uliwaruhusu hata wasio na kadi ya kijani kujiunga na jeshi kwa sababu ya lugha waliyoijua, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Wazazi walikuwa wakituuliza swali moja kwa namna nyingi: huyu mtoto anaelekezwa na nani huko? Tumekaa tukakusanya yale ambayo mgeni wa vita vile alipaswa kuyajua mapema. Baadhi aliambiwa na jeshi, mengine alijifunza kwa kuumia, na mengine tungeyasema sisi wazee wake kama tungeulizwa.

Tuanze na kijitabu kidogo. Mwaka 1943, Marekani ilipokuwa ikipeleka askari kwenye Ghuba kusaidia kusafirisha shehena za kwenda Urusi ya Kisovieti, wizara zake za vita zilichapisha mwongozo mfupi wa nchi ya Iraq, wa kutia mfukoni. Chuo Kikuu cha Chicago kiliuchapisha upya mwaka 2007, na John Nagl, ofisa aliyepigana mkoa wa Anbar, akaandika katika utangulizi kwamba alitamani angeusoma kabla ya kwenda kwake mwishoni mwa 2003. Mtu anaweza kucheka au kulia. Miaka 60 imepita, maarifa yalikuwa yameshaandikwa na kulipiwa, yakalala kabatini.

Unasema nini kijitabu kile? Kinamwambia askari asiusogelee msikiti kama hana shughuli nao. Asimkodolee macho mwanamke, wala asimsemeshe. Akibisha hodi na mwanamke akajibu, asubiri kwanza hadi yule mwanamke apate nafasi ya kuondoka. Ale kwa mkono wa kulia. Mkate aumege kwa vidole, asiukate kwa kisu, na makombo asiyaachie yadondoke chini. Kijijini asimalize chakula chote alichopakuliwa, kwa kuwa kinachobaki ndicho watakachokula wanawake na watoto. Asiwape Waislamu pombe wala nguruwe.

Sasa mwulize bibi yeyote wa Lamu, Unguja au Kigoma Ujiji kama kuna jipya hapo. Hakuna. Mambo ambayo kijana wa Ohio alihitaji kusomeshwa darasani, mtoto wa Kiswahili alichapwa kofi la mgongo akiwa na miaka mitano kwa kuyakosea. Hii ilikuwa akiba yake, na wengi hawakujua kama wanayo. Tunasema bila kujisifu kwamba kikosi chenye kijana mmoja anayejua kusalimia kabla ya kuuliza swali kilikuwa na mali.

Na lugha pia. Kiarabu cha Iraq kinaita chai "chai", kama sisi. Kahawa ni "gahwa", dawa ni "dawa", askari ni "askari" vilevile, na hatari ni "khatar". Anayehesabu sita, saba, tisa, kisha ishirini, thelathini, arobaini, anahesabu Kiarabu bila kujijua. Neno la kumwamuru mtu asimame, "qif", limetoka katika shina moja na wakfu wetu, yaani mali iliyosimamishwa isiuzwe. Haya si mambo ya kuchekesha tu. Kwenye kizuizi cha barabarani usiku, neno moja linaloeleweka lina thamani kuliko taa kumi.

Vizuizi hivyo viliua watu wengi wasio na hatia. Kwa askari wa Marekani, kiganja kilichoinuliwa kilimaanisha simama. Waandishi waliokuwa huko waliripoti kuwa baadhi ya madereva wa Iraq walidhani wanasalimiwa, wakaendelea kuja. Askari mwenye miaka 19 ana sekunde chache za kuamua kama lile ni gari la familia au la bomu. Usiku wa tarehe 4 Machi 2005, kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Baghdad, risasi za askari wa Marekani zilimuua Nicola Calipari, ofisa wa usalama wa Italia, aliyekuwa akimsindikiza mwandishi Giuliana Sgrena aliyetoka mikononi mwa watekaji. Serikali mbili rafiki zilichunguza na zikashindwa kukubaliana kuhusu mwendo wa gari na ishara zilizotolewa. Kama hilo lilimkuta ofisa wa nchi mshirika, fikiria mwenye duka wa Fallujah.

Turudi kwenye joto, kwa sababu hapa ndipo tunapoona watu hudharau. Mwili wa mgeni huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea. Jasho huanza kutoka mapema zaidi, chumvi inayopotea hupungua, moyo hutulia. Ndiyo maana vikosi vilikaa kwanza kwenye kambi za jangwa la Kuwait, kama Buehring na Virginia, kabla ya kuvuka mpaka. Wengine waliona ni kupoteza muda. Haikuwa hivyo. Ukivaa fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma na risasi zako, umebeba zaidi ya kilo 20, na ngozi haipumui.

Kila mtu aliambiwa anywe maji. Wachache walisikia nusu ya pili ya maelekezo: maji yana kikomo. Mwongozo wa jeshi ulisema isizidi lita moja na nusu hivi kwa saa, wala lita 11 hivi kwa siku. Anayejimiminia kupita hapo huku hali chakula huifanya chumvi ya damu kuwa nyepesi, ubongo huvimba, naye huanza kutapika, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa. Dalili hizo zinafanana na za mtu aliyepigwa na joto, na mwenzake kwa huruma humpa maji zaidi. Kwa hiyo chumvi ya chakula ni sehemu ya maji. Usiruke mlo kwa sababu joto limekukata hamu. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai huna maji, ukiwa mweupe kama wa bomba na unakwenda kila dakika, punguza.

Kisha kuna wadudu. Usubi wa Iraq ni mdogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida, hana sauti kama mbu, na huacha kidonda kisichopona kwa miezi. Waliita kidonda cha Baghdad. Mamia ya askari waliupata ugonjwa huo katika miaka miwili ya kwanza, na wengine walirudishwa hadi hospitali ya Walter Reed kwa sindano za wiki kadhaa. Ndugu zetu wa Baringo wanamjua binamu yake, kala-azar. Kinga ilikuwepo: sare zilizolowekwa dawa, mafuta ya kupaka, chandarua chenye matundu madogo, mikono ya shati iliyoshushwa jioni. Aliyekunja mikono kwa ajili ya upepo ndiye aliyeumwa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Babu zetu wa King's African Rifles walipopelekwa Burma, wengi hawakujua hata wanakwenda wapi. Safari yenyewe ilikuwa vita: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Waliofika waliingia bonde la Kabaw wakati wa masika, mahali palipojulikana kwa malaria na homa ya matekenya ya msituni. Jenerali William Slim aliandika baadaye kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Alichofanya ni kuamuru vidonge vya mepakrini vimezwe kila siku mbele ya ofisa, kisha akafanya ukaguzi wa ghafla. Mkuu wa kikosi ambacho askari wake hawakufikia asilimia 95 alipoteza kazi. Anasema aliwafukuza watatu tu, wengine wakaelewa. Wazee waliorudi Kitui na Songea walizungumzia vidonge vilivyowageuza ngozi kuwa njano kuliko walivyozungumzia Wajapani.

Barabarani, mambo yalikuwa machache na magumu. Bomu la kutegwa ndilo lililoua zaidi kuliko risasi. Mgeni alifundishwa kwamba gari likisimama, kabla ya kushuka achunguze mita tano kuzunguka gari kwa macho, na akishashuka achunguze hadi mita 25. Asiokote kitu, hata kama ni kopo la soda, hata kama ni kisu kizuri cha kumpelekea baba. Atambue siku ambayo mtaa umebadilika: soko ambalo jana lilikuwa na watoto na leo halina. Haya hayafundishiki vizuri kwenye karatasi. Yalifundishwa kwa njia waliyoiita ya kiti cha kulia na kiti cha kushoto, ambapo kikosi kinachoondoka na kinachoingia hukaa pamoja kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Kwanza mgeni anapanda na kutazama, halafu mgeni anaendesha na mwenyeji anatazama. Kijana mwenye akili hakulala siku zile. Mwenyeji ana haraka ya kwenda nyumbani na hatasema mara mbili.

Kulikuwa na amri ya jumla namba moja, iliyokataza pombe, silaha binafsi, kufuga mbwa au paka wa kambini, kununua vitu vya kale, kubadilisha fedha mitaani, na asiye Mwislamu kuingia msikitini. Vijana wengi walilalamikia pombe. Sisi tunaona kipengele cha vitu vya kale ndicho kilichowaponza wasiojua, kwa maana kigae kilichookotwa karibu na Babiloni kinaonekana kama kigae tu.

Sasa tufike kwenye karatasi, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo familia za Kiafrika zilipoumia bila sababu.

Kabla ya kuondoka, kila askari alijaza fomu mbili: ya bima ya maisha na ya watu wa kujulishwa ikitokea dharura. Bima hiyo ilikuwa dola 250,000 mwanzoni mwa vita, ikapandishwa hadi 400,000 Septemba 2005. Rambirambi ya serikali nayo ilipanda mwaka huohuo kutoka dola 12,420 hadi 100,000. Kijana wa miaka 20 hujaza fomu hizo kwa dakika tatu huku akitania na wenzake. Akiacha nafasi wazi, sheria ya bima humpa mke au mume, wasipokuwepo watoto, kisha wazazi. Akimwandika mtoto mdogo, fedha husubiri mahakama iteue mlezi. Na akimwandika mama yake aliyeko Moshi, aandike jina gani? Huyu mama ana jina la ubatizo, jina la baba yake, jina la mume, na mtaani ni Mama fulani. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina moja, pasi ina lingine. Tuliwaambia vijana na tunarudia: jina la kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasi au kitambulisho cha mama.

Anwani ni tatizo la peke yake. Sisi tumezoea S.L.P. Lakini habari za kifo, kwa utaratibu wa jeshi lile, huletwa na mtu aliyevaa sare anayekuja mlangoni, na S.L.P. haina mlango. Kijana aandike mtaa, kata, jirani mwenye simu, kanisa au msikiti wa karibu. Aongeze ndugu mmoja aliyeko Marekani anayeweza kuzungumza Kiingereza cha ofisini bila kutetemeka.

Kuhusu mshahara, kulikuwa na nafuu ambazo wageni wengi hawakuziomba kwa kutozijua. Mshahara wa askari wa kawaida akiwa eneo la vita haukukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Aliongezewa dola 225 kwa mwezi za hatari, na mwenye mke au watoto dola 250 za kutengana nao. Kulikuwa na akiba maalumu ya jeshi iliyolipa asilimia 10 kwa mwaka kwa fedha zisizozidi dola 10,000, faida ambayo benki ya mtaani haikuweza kuikaribia. Deni la gari alilochukua kabla ya kuingia jeshini lingeweza kushushwa riba hadi asilimia 6, ila kwa kuandika barua na kuambatanisha amri ya jeshi. Nani alimwambia? Mara nyingi hakuna. Badala yake mshahara ulipitia kwa Western Union kujenga nyumba ambayo, kijana aliporudi, ilikuwa bado msingi na nyasi. Tunalisema kwa upole: hati ya uwakili apewe mtu mmoja anayeaminika, iwe ya jambo moja, na iwe na tarehe ya mwisho.

Uraia ulikuwa jambo jingine. Kwa amri ya Rais Bush ya Julai 2002, mwanajeshi asiye raia aliyekuwa kazini tangu Septemba 11, 2001 aliweza kuomba uraia papo hapo bila kungoja miaka. Kuanzia Oktoba 2004 ada ilifutwa na ikaruhusiwa kuapishwa nje ya Marekani; sherehe zilifanyika hata katika kasri la Al Faw la Saddam Hussein, Baghdad. Wapo waliomaliza safari nzima ya Iraq bila kuomba, kwa kuwa hakuna aliyewaletea fomu.

Tusiwasahau ndugu zetu waliokwenda bila sare. Maelfu ya Waganda, na Wakenya pia, walilinda mageti ya kambi za Iraq kama walinzi wa makampuni. Wao hawakuwa na bima ya askari, lakini sheria ya Marekani iliwalazimu waajiri wa mikataba hiyo kuwakatia bima ya ajali na kifo, bila kujali uraia wa mfanyakazi. Wajane wengi hawakulijua hilo.

Urefu wa safari nao ulibadilika. Ilikuwa miezi 12, ikawa 15 kwa tangazo la Aprili 2007, ikarudi 12 kwa waliokwenda kuanzia Agosti 2008. Waliokwisha kuhesabu siku kwenye kalenda ukutani ndio walioumia zaidi. Likizo ya katikati ilikuwa siku 15, na ushauri wa waliopita ni usiitumie yote kwenye ndege. Nairobi na kurudi na misiba ya kuhani ni wiki nzima.

Mwisho ni simu. Familia ilizoea kijana kupiga kila Jumapili kwa kadi au kwenye kompyuta za kambini, halafu Jumapili moja kimya. Mama hulia, mjomba mwenye dishi hukaa mbele ya CNN, na kufikia jioni nusu ya Watanzania wa Houston wameshaambiwa kijana amefariki. Kilichotokea mara nyingi ni hiki: mtu wa kikosi alipouawa au kujeruhiwa vibaya, kambi nzima ilikatiwa simu na intaneti hadi familia ya yule mtu ijulishwe, ili asisikie mke wa mtu habari hizo kutoka kwa mke wa mwingine. Kimya kile kilikuwa msiba kweli, lakini mara nyingi wa nyumba nyingine, nacho kilichukua siku moja, mbili, hata tatu. Wa kumpigia hakuwa mjomba. Alikuwa ofisa wa kikosi aliyeachwa kambini Marekani kwa kazi hiyo hasa, na namba yake kijana alipaswa kumwachia mama, imeandikwa kwa tarakimu kubwa, pamoja na namba ya msimbo wa nchi mbele, ukutani karibu na kalenda.